Siku Kumi na Nane Ndani ya Droo

Dirisha la dawa la hospitali kuu lilikuwa na foleni tatu, na zote tatu zilikuwa zimekasirika. Jumatatu asubuhi, watu wamebana karatasi za daktari mikononi, watoto wanalia, na spika ya ukutani inaita namba kwa sauti ya kukwaruza ambayo hakuna aliyeielewa. Profesa alisimama foleni ya katikati akisubiri dawa za presha za mama yake. Alivaa gauni la bluu iliyokoza, lililomkaa vizuri kiunoni, na kilemba kidogo cha rangi ya shaba. Miaka arobaini na moja ilikuwa imempa madaha ambayo thelathini haikuwahi kumpa.

"Mia moja na nne!" spika ikakoroma.

Akapiga hatua mbele. Mwanamume wa foleni ya kushoto naye akapiga hatua, na kiatu chake kikatua juu ya vidole vya Profesa.

"Samahani sana, mama, mimi nimesikia mia moja na..." Karatasi ikamponyoka. "Chumvi?"

Miaka sita hakuna aliyemwita hivyo. Jina hilo alipewa na mtu huyu huyu, enzi walipokuwa wakifanya kazi meza moja ya maabara, kwa sababu hakuweza kusema neno bila kulikoleza. Mvi zilikuwa zimemwingia mwanamume yule pembeni mwa kichwa. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa na mtu anayejua kushika pasi.

"Unanikanyaga," Profesa akasema.

"Ndiyo. Samahani." Akaondoa mguu. "Nimerudi mjini mwezi uliopita. Nimekutafuta."

"Mimi sijapotea. Niko chuo kile kile, mlango ule ule. Unaumwa?"

"Hapana, nimemfuatia mtu dawa." Simu yake ikaita. Akaipokea, na sauti ikamlainika papo hapo. "Nakuja, malkia wangu. Usinune basi, niko dirishani."

Kumbe, Profesa akajisemea. Ana malkia wa kumnyooshea mashati.

Ungedhani angegeuka na kwenda zake. Badala yake alitabasamu, akatoa kalamu, akamwandikia namba ya simu nyuma ya karatasi ya daktari. Yule mwanamume aliipokea kwa mikono miwili. Hakujua kwamba moyoni mwake mwanamke yule alikuwa anasema: umekuja mwenyewe, sikukuita.

*

Miaka sita nyuma walikuwa watafiti wawili chini ya Mkuu wa maabara mwenye jina kubwa. Walihangaika na protini moja inayochochea saratani. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kujichomeka kwenye kishimo kilicho juu ya protini, kama ufunguo kwenye kitasa. Hii haikuwa na kishimo. Ilikuwa laini kila upande kama yai lililochemshwa na kumenywa, na kila dawa waliyoirushia iliteleza.

Ni Profesa, akila chakula cha mchana kwenye ngazi za maabara, aliyesema, "Kwa nini tunang'ang'ania kuiziba? Tuinatishe na protini za usafi, zile zinazoweka alama kwenye vitu vya kutupwa. Molekuli ndogo yenye pande mbili zinazonata. Upande huu umshike mhalifu, upande ule umshike mfagiaji. Seli itamtupa yenyewe."

Mwenzake aliacha kutafuna. "Gundi," akasema.

"Gundi."

Mwenzake akambusu kwenye paji la uso mbele ya wanafunzi waliokuwa wanapanda ngazi. Wakati huo wazazi walikuwa wameshakutana, na siku ya kuleta posa ilishapangwa. Dada mkubwa wa mwanamume alikuwa ameshaanza kumwita wifi na kumgombeza kama wifi.

Kisha mama yake Profesa akapooza upande mmoja. Alienda nyumbani kumuuguza miezi minne. Aliporudi, makala ya gundi ilikuwa imetoka kwenye jarida kubwa, ina majina mawili: la Mkuu na la mchumba wake. Lake halikuwepo hata kwenye mistari ya shukrani mwishoni, ambako hata mtunza friji alishukuriwa. Mchumba alikuwa ameshahamia mji mwingine kuongoza utafiti wa kampuni ya dawa. Alipiga simu zaidi ya mara arobaini. Profesa hakupokea hata moja, kisha akabadilisha namba, na posa ikafa bila mazishi.

Akajenga maabara yake tofali kwa tofali. Kila usiku alioshindwa kulala aliomba kitu kimoja: aione siku ambayo mtu yule atasimama mbele ya watu, na yeye ndiye awe mwenye neno la kumwangusha.

Na sasa siku hiyo ilikuwa na tarehe. Wiki moja kabla ya kukutana kwao pale dirishani, alikuwa ameletewa faili na kamati ya wataalamu wanaoidhinisha majaribio ya dawa, ambayo yeye alikuwa mjumbe wake. Dawa yenyewe ilikuwa gundi. Ilishajaribiwa kwa wagonjwa wachache kwa dozi ndogo, sasa kampuni ilikuwa inaomba kupandisha dozi. Jina la kiongozi wa utafiti alilisoma mara tatu. Kanuni ilimtaka mjumbe anayemfahamu mwombaji aseme na ajitoe.

Hakusema.

*

Simu zikaanza siku ile ile ya dirisha la dawa.

"Umeshakula, Chumvi?"

"Nisipokula utanipimia uzito?"

"Nitakuletea."

"Wewe? Uliyekuwa unaunguza maji?"

"Siku hizi nimeendelea. Naunguza wali."

Akacheka. Hilo ndilo lililomkera zaidi: alicheka kweli, si kwa kuigiza. Kila alipokata simu alijikuta anatabasamu mbele ya kioo cha ofisi, na kila alipojiona anatabasamu alifungua faili la kamati akasoma upya kurasa zilizomuuma. Asubuhi alijipulizia manukato. Jioni alinoa maswali ya kumchinjia.

Umbo la molekuli ile halikuwa siri, kampuni ilishalichapisha. Profesa alimpa fundi wake wa maabara aitengeneze. Fundi huyo alikuwa mama wa miaka hamsini na tano, mnene, mwenye miwani ya kamba, na maabara nzima ilimwita Mama Pipeti kwa sababu aliweza kupima tone la dawa huku anasimulia habari za jirani na mkono usitetemeke. Waliijaribu kwa seli za moyo zilizokuzwa kwenye sahani. Seli hizo, ukizitazama kwa darubini, hudunda zote kwa pamoja, zulia dogo la nyama linalopumua.

"Profesa, njoo uone," Mama Pipeti aliita Ijumaa saa tano asubuhi.

Profesa akainama. Sahani ya kwanza, dozi ndogo: zinadunda. Sahani ya pili, dozi ambayo kampuni inaomba: zilidunda, zikaanza kupishana kama wapiga ngoma waliolewa, zikasita. Zikatulia.

"Zimegoma," Mama Pipeti akasema.

"Rudia."

Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu zilitulia. Gundi ilipokuwa nyingi ilikuwa inamshika na asiyehusika, protini moja ambayo moyo hauwezi kuishi bila yake, na kumburuta jalalani pamoja na mhalifu.

"Haya, tuwaandikie leo hii," fundi akasema, akivua glavu.

"Hapana. Nitayatoa mbele ya kamati. Mbele yake, mbele ya wakubwa wake, mbele ya waandishi wa habari."

"Kamati inakaa lini?"

"Wiki tatu."

"Na wagonjwa?"

"Hakuna anayepewa dozi hiyo kabla ya kamati. Nimesoma taratibu zote."

Mama Pipeti alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, mimi shule yangu ni fupi. Lakini mtu akiona nyaya za umeme ziko wazi barabarani, hangoji mkutano."

"Asante, mama. Kazi yako umeifanya vizuri."

Akayachapa matokeo kwenye karatasi, akazitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Ufunguo akautia kwenye pochi, karibu na manukato.

*

Siku ya kumi na moja tangu droo ifungwe, Profesa na mwanamume yule walikula mchana pamoja, kwenye mkahawa wa ghorofa ya tatu wenye madirisha mapana. Profesa alivaa blauzi nyekundu ya hariri aliyoinunua kwa kazi hiyo. Mwanamume alimtazama mpaka mhudumu akakohoa.

"Nina neno," akasema walipobaki wawili. "Nilipiga simu kukwambia, hukupokea, na hukukosea. Mkuu aliniwekea karatasi mezani. Akasema hukuwepo kwenye majaribio ya mwisho, jina lako litoke, nisiposaini makala haitoki na mimi natoka maabara. Nikasaini. Hakunishika mkono. Kalamu niliitoa mfukoni mwangu."

Profesa alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Miaka sita natafuta sababu nzuri ya kukuletea," akaendelea. "Sina. Nilitaka kuonekana mkubwa. Ndiyo hivyo."

Kifua cha Profesa kikalegea. Alikuwa karibu, karibu kabisa, kuunyoosha mkono wake juu ya meza. Simu ikatetemeka kati ya sahani zao. Kwenye kioo paliandikwa: Malkia.

"Naomba dakika moja." Akasogea dirishani, na Profesa akamsikia anabembeleza: "Umekula? Hata kidogo? Nakuletea machungwa, mpenzi. Nakuja sasa hivi."

Aliporudi, Profesa alikuwa ameshajifuta midomo.

"Nani huyo?"

"Nitakwambia siku yake ikifika. Mwenyewe amenikataza."

"Amekukataza?" Akacheka kicheko kikavu. "Basi mheshimu. Nenda."

Kumbe anaomba msamaha kwangu na machungwa anapeleka kwingine, akawaza akishuka ngazi. Kifua kikafungwa tena, safari hii kwa kufuli mbili. Jioni ile aliandika hotuba yake ya kamati, kurasa nne, na akaifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka akajua pa kupumzikia.

*

Siku ya kumi na nane, saa saba mchana, alikuwa ofisini anasahihisha kazi za wanafunzi.

"Chumvi, nikwambie siri?" Sauti ya simu ilikuwa ya furaha na woga pamoja. "Leo naruhusiwa. Malkia ameanza kuchoka, dozi ndogo haimtoshi tena. Madaktari wameomba kibali maalumu kwa mgonjwa mmoja, kimepita jana. Hatukungoja kamati. Saa nane wanamtundikia dripu ya dozi kubwa. Alikuwa hataki ujue mpaka nywele zirudi. Anasema wifi yake asimwone kipara."

Kalamu ilianguka. "Wifi yake nani?"

"Wewe! Una wifi wangapi? Malkia ni dada yangu, Chumvi. Ulidhani nani?"

Yule dada aliyemgombeza kwa kukonda. Aliyemshonea gauni la posa kwa mikono yake, gauni ambalo halikuvaliwa.

"Zuia," Profesa akasema.

"Nini?"

"Zuia hiyo dripu! Kwa dozi hiyo moyo unasimama. Nimeipima kwenye seli za moyo. Mara tatu. Zuia sasa hivi, kimbia!"

Alisikia vitoroli vya korido ya hospitali, alisikia mtu akiita nesi. Kisha swali moja, la taratibu:

"Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Angesema leo asubuhi. Hakuna ambaye angejua, ila Mama Pipeti, na Mama Pipeti angenyamaza.

"Siku kumi na nane," akasema.

Simu ikakatika.

Alifungua droo, akanyakua karatasi, akatoka mbio na viatu vya ofisini. Teksi iliyompeleka ilikamatwa na taa nyekundu tatu. Kila alipompigia simu, upande wa pili haukupokea. Akaipiga mara saba, mara nane, akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma na karatasi zimemlowa jasho, na hapo ndipo alipojua miito arobaini ilikuwa na ladha gani kwa aliyeipiga.

*

Wifi yake alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa cha zambarau kichwani, amekonda mpaka mashavu yamekuwa mashimo. Stendi ya dripu ilisimama pembeni. Mrija ulikuwa umening'inia mtupu, haujaunganishwa. Kaka mtu alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao.

"Ingia, wifi," mgonjwa akasema. "Usisimame mlangoni kama mkusanya kodi."

Profesa akaingia. Akataka kupiga magoti, mgonjwa akamzuia kwa kidole.

"Nijibu kwanza. Siku kumi na nane umekaa na kifo changu kwenye droo?"

"Sikujua ni wewe."

"Ningekuwa mtu mwingine je? Mama wa watu? Ingekuwa sawa?"

"Isingekuwa sawa," akasema. "Nilikuwa namtaka yeye. Nilimtaka aanguke. Sikuona mtu mwingine yeyote."

"Alikukosea," mgonjwa akasema. "Nilimwambia tangu siku ile, na nikakaa mwaka mzima sili kwake. Wewe nilikuwa upande wako, wifi. Upande wako!" Sauti ikakatika. Akavuta pumzi. "Leo toka. Nikikutazama zaidi nitakurushia hili birika. Lakini kesho urudi, maana hasira zikipoa nitahitaji dawa, na inaelekea mwenye akili ni wewe."

Mwanamume hakugeuka.

*

Kamati ilikaa kama ilivyopangwa, kwenye ukumbi wenye viti vya bluu na chupa za maji. Profesa alisimama wa kwanza. Hotuba ya kurasa nne aliiacha nyumbani. Alitoa matokeo, kisha akaeleza alivyomfahamu mwombaji, alivyonyamaza, na kwa siku ngapi. Walimvua ujumbe pale pale, na chuo kikamwandikia barua ya onyo kali.

Mwombaji naye akasimama. Suti ya kijivu, tai imelegea. "Kabla sijajibu la moyo," akasema, "naomba iandikwe kwamba wazo la gundi si langu. Ni lake. Nililisaini mimi." Ndani ya wiki ile kampuni ilimwondoa kwenye uongozi, na jarida likachapisha masahihisho.

Hivyo Profesa aliiona siku aliyoiomba. Aliona wakubwa wakimkunjia mtu yule uso, aliona kamera zikimlenga, aliona akikusanya karatasi zake bila mtu wa kumsaidia. Akangoja utamu wake uje. Haukuja. Alikwenda nyumbani, akamnywesha mama yake dawa za presha, akalala na nguo zake.

Wiki tano mwanamume hakupiga simu. Ya sita, alitokea mlangoni mwa maabara akiwa amebeba kasha la vitabu.

"Sijaja kwako," akasema, bila salamu. "Nimekuja kwa ajili ya dada. Nipe kazi. Yoyote."

"Mama Pipeti," Profesa akaita, "mpe koti. Aanze kuosha vyombo."

"Huyu?" Mama Pipeti akamkagua juu mpaka chini. "Nasikia anasaini haraka. Tuone kama anaosha haraka."

Aliosha, na siku ya kwanza alivunja chupa mbili. Baada ya mwezi Profesa alimrudisha mezani, kwa sababu hakuna aliyeijua gundi kama wao wawili. Walifanya kazi bega kwa bega, wakiongea namba tu. Siku nyingine Profesa aliamka na chuki mbichi kabisa, akamsema mbele ya watu kwa kosa la kufunika kopo vibaya. Siku nyingine ni yeye mwanamume aliyekaa kimya kutwa nzima, na alipoulizwa alisema, "Leo nimeota stendi ya dripu." Hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Walijaribu molekuli sitini na tatu. Ya sitini na nne ilikuwa na kikonyo kidogo upande mmoja, wazo la Profesa, kilichoifanya isikae kwenye ile protini ya moyo. Mama Pipeti aliwaita darubinini. Walitazama kwa zamu. Zulia dogo la nyama lilikuwa linadunda. Dozi mara mbili, linadunda. Mara tano, linadunda. Mwanamume alikaa chini sakafuni, kati ya friji na sinki, akalia kama mtu aliyefiwa. Profesa akakaa karibu naye. Hawakugusana, ila hawakuinuka mpaka Mama Pipeti alipotaka kupiga deki.

*

Wifi alipata dawa mpya baada ya kamati kuiidhinisha, kamati ambayo Profesa hakuruhusiwa hata kuingia ukumbini. Miezi mitatu baadaye Profesa na mwanamume yule walikaa kwenye benchi la korido, wakisubiri majibu ya picha za uvimbe wa wifi. Asubuhi ilikuwa na jua. Profesa alivaa sketi ndefu ya kahawia na viatu vya chini, hakujipamba kwa ajili ya mtu yeyote.

Daktari akatoka. Uvimbe haukuwa umeisha. Ulikuwa umepungua kwa theluthi moja, na moyo ulikuwa unapiga sawasawa.

Kutoka ndani wakasikia sauti: "Theluthi? Mwulizeni wifi, na theluthi mbili zangu anaziweka wapi, kwenye droo?"

Mwanamume akacheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine. Akaegemeza viwiko magotini.

"Nataka kukuoa," akasema, akitazama sakafu. "Nilitaka miaka sita iliyopita, na nataka leo. Sijui kama inawezekana kwa watu kama sisi. Nimeona nikwambie tu."

Profesa alipekua moyo wake kwa uaminifu, jinsi anavyopekua matokeo asiyoyaamini. Alikuta vitu vingi mle ndani, na si vyote vilikuwa vizuri.

"Bado nina hasira na wewe," akasema. "Nilidhani zimeisha. Hazijaisha. Kuna siku nakutazama natamani nikusukume ngazini."

"Najua. Mimi pia zako ninazo."

"Sitakuja nikijifanya sina."

"Njoo nazo," akasema. "Njoo nazo hivyo hivyo, zote. Nyumba ina vyumba viwili."

Nesi aliyepita na kitoroli akapunguza mwendo kusikiliza. Profesa akainuka, akanyoosha sketi yake.

"Nyanyuka," akasema. "Tukamwambie dada yako, kabla sijabadilisha mawazo."